Bibi Harusi wa Ukutani

Katika miaka yote iliyopita Mama Wilondja hakuwahi kunipigia simu, lakini juma lililopita alipopiga niliitambua sauti yake kabla hajajitaja. Nilikuwa jikoni kwangu hapa Uvira, nachambua lengalenga, simu nimeibana kati ya sikio na bega. “Sifa, mutoto wangu,” alisema, “Wilondja ametutoka. Homa tu, siku kidogo, na ametutoka.” Nikaketi juu ya kibao. Alizungumza polepole, kama mtu anayepanga vyombo kabatini akiogopa kuwaamsha waliolala. Mwili ulikuwa nyumbani kwake Fizi, maziko yalikuwa kesho yake, na walihitaji picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza, maana kule kwetu mtu haendi kaburini bila sura yake kutangulia. Vijana walikuta picha ndogo ndani ya simu ya marehemu, wakaituma kwa mchapishaji wa mjini Baraka, naye akaivuta hadi uso ukawa kama umemwagiwa maji. “Banasema wewe njo unajua mambo ya foto,” alisema. “Kuna ile ya studio, yeye peke yake. Ile yangu ya karatasi mvua iliiharibu. Wewe bado uko nayo?” Nilimjibu kwamba ninayo. Kisha akaongeza: “Na kuna jambo lingine la kukuomba. Lakini tumalize kwanza la foto.” Simu ilipokatika nilibaki na jani moja la lengalenga mkononi, na aibu niliyodhani imekwisha ikanipanda hadi masikioni, kana kwamba yule mbuzi wa mwaka ule bado amefungwa uani kwa mama yangu mdogo.

Mwaka ninaouzungumzia ni ule ambao kambi ya wakimbizi ya Lusenda ilikuwa mpya, mahema yake bado meupe, na Baraka ilijaa watu waliotafuta wenzao. Nilikuwa nimemaliza sekondari na nililala kwa mama yangu mdogo, Mama Eca, nikingoja safari ya chuo ambayo kila mwezi ilisogezwa mbele. Ili nisikae bure alinipeleka studio ya Papa Hamisi, nyuma ya soko. Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa barabara kulikuwa na benchi la wateja na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba kisiibwe. Upande wa ndani kulikuwa na ukuta wa maua ya karatasi, taa mbili juu ya mabomba, na mashine. Ndivyo tulivyoiita kompyuta, kana kwamba hakuna mashine nyingine duniani, na jenereta ilipozimwa tuliifunika kitambaa cha kufuma kama kitanda cha wageni. Chumba kilinuka wino, petroli na tangawizi. Papa Hamisi alikuwa mtu wa familia za ziwani, mwenye kofia ya kudariziwa na tumbo la kuheshimika. Mkewe, Mama Zaina, alimletea chai na mikate ya mafuta kila asubuhi, na yeye alipenda kufundisha wakati anakula. Ndiyo maana mikono iliyoshika kipanya ikawa yangu: yake ilikuwa na mafuta.

Somo la kwanza lilikuwa la kukaripiwa. Nilikuwa nimeifungua picha ya ubatizo, nikaongeza mwanga, nikaihifadhi. Nikaona doa, nikaifungua, nikalifuta, nikaihifadhi. Nikaona doa lingine. “We mutoto, unafanya nini?” aliuliza Papa Hamisi kutoka nyuma ya kikombe. Nikasema ninahifadhi. “Unahifadhi ama unaua?” Akanyoosha kidole, bila kugusa kioo cha mashine, na kuniamuru niukuze uso wa yule mtoto hadi jicho lijae. Pembeni mwa kope kulikuwa na miraba midogo, michafu, kama uji ulioshika chini. “JPEG, hii aina ya faili unatumia, ni samaki ya mukeke ya kukausha,” alisema. “Unaikausha ili iwe nyepesi, ifike mbali, iingie mu simu ya muntu. Haiko mubaya. Lakini ukiiloweka, ukaikausha tena, ukailoweka tena, mwisho utakula nini? Miiba.” Kila JPEG inapohifadhiwa upya, alinieleza, mashine huchagua vitu ambavyo jicho halitavililia na kuvitupa, na vilivyotupwa havirudi hata ukiomba. Kwa hiyo kazi inayoendelea tuliiweka katika faili la tabaka, kila kitu juu ya karatasi yake, mtu juu, kivuli chini yake, pazia chini kabisa. JPEG tuliitoa mwishoni tu, ya kumpa mteja. Papa Hamisi hakuwa na desturi ya kufuta faili la tabaka, kwa sababu wateja walirudi. “Leo banapendana,” alisema, “kesho njo utasikia: papa, utoe ule mwanaume.”

Niliyapenda mambo hayo kuliko nilivyowahi kupenda somo lolote la shule. Kijana mmoja alileta picha ya mchumba wake aliyoichomoa kwenye kadi ya salamu ya kwenye simu, ya aina ya GIF, yenye mawaridi yanayowaka na kuzimika, kisha alipochapiwa akalalamika kwamba tumempaka msichana matope. “GIF iko na rangi ya kuhesabu,” Papa Hamisi alimwambia bila kucheka. “Inatosha maua. Uso ya muchumba wako inaomba mingi zaidi.” Kijana aliondoka ameridhika, akidhani amesifiwa. Na kamera ya Papa Hamisi, aliyoilaza ndani ya taulo, ilijua kutoa faili bichi, zito, ambalo bado si picha bali ni mwanga kama ulivyoingia, haujapikwa. Hilo alilitumia kwa maharusi na maiti tu. “Hawa habarudii,” alisema.

Lakini kilichoilisha studio ilikuwa kazi tuliyoiita kuunganisha. Sijui kama mahali pengine watu hufanya hivyo kama sisi. Mwanamke wa Lusenda alileta picha ya pasipoti ya mume waliyepotezana naye njiani, akaomba awekwe karibu naye, watoto katikati. Mama mmoja aliyeshuka kutoka Minembwe, mwembamba, mwenye sauti ya chini, alileta picha za wanawe, kila mmoja na nchi yake, akataka wasimame pamoja nyuma ya kiti chake, kwa umri wao. Wengine walileta bibi aliyekufa ili ampakate mjukuu asiyewahi kumwona. Hakuna aliyeuona huo kuwa uongo. Vita vilikuwa vimewatenganisha kwa nguvu, sisi tuliwarudisha. Kazi yangu ilikuwa kukata, kufuata ukingo wa mtu kwa kipanya, sikio, shingo, kisha nywele, moja moja. Na mtu akishakatwa hawezi kuhifadhiwa kama JPEG, kwa sababu JPEG haijui kitu kinachoitwa hakuna. Popote palipo wazi itapaka nyeupe, na yule mtu atatembea na karatasi yake nyeupe mgongoni kila utakapomweka. Ni PNG inayokubali kwamba mahali fulani hapana kitu. Nyuma ya mtu wa PNG mashine huchora vigae vidogo, vya kijivu na vyeupe, kama sakafu ya ofisi, na vigae hivyo maana yake ni moja tu: hapa ni patupu, weka unachotaka. Mara ya kwanza kuviona nilidhani mashine imeharibika.

Papa Hamisi alipopata gauni la harusi la kukodisha alitaka mtu wa kulionyesha. Mama Zaina alinivika nyuma ya pazia. Gauni lilikuwa la mwanamke mkubwa kuliko mimi, akalikaza mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, akanipaka uso, akanipinda mkono wa kushoto kama nimeshikana na mtu, na kuniambia: “Sasa uangalie kama bwana iko pembeni.” Nilimwangalia bwana ambaye hakuwepo. Papa Hamisi alinipiga kwa faili bichi. Nilipojikata mwenyewe, unywele kwa unywele, nilichelewa kurudi nyumbani, kwa sababu nilikuwa sijawahi kujiona hivyo: bega moja limeinuka kidogo, shingo ndefu, mdomo wa mtu anayependwa. Nilijipenda, nikaona haya kwa kujipenda. Picha ilichapwa na kutundikwa juu ya benchi la wateja. Na PNG yangu, pamoja na vigae vyake, iliingia katika folda ya Mifano, kati ya magari na maua.

Wilondja alikuwa dereva wa pikipiki wa njia ya Misisi. Alikuja kwa picha ya kitambulisho akiwa na vumbi jekundu hadi kwenye kope, akajipangusa mbele ya kioo, akatumia kitana cha kamba kwa uangalifu kama chombo cha kanisani. Hakuwa mrembo wala mbaya. Alikuwa mtaratibu, jambo la nadra kwa watu wa pikipiki. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kumwaga maji machafu, kitenge cha jikoni kiunoni, ndala za rangi mbili tofauti. Aliketi kwenye benchi, akainua macho ukutani, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniuliza mimi, kwa heshima kabisa: “Dada, ule wa pale juu, iko wapi?”

Niliganda na ndoo yangu. Alikuwa akinitazama usoni na hakuniona. Ningesema ni mimi, angeangalia juu, angeangalia chini, na ningeuona uso wake wakati anapima umbali. Sikutaka kuuona. “Hayuko,” nilimjibu. “Ni foto ya mufano tu.”

“Anatengenezwa na mashine?”

“Ndiyo.”

Akatikisa kichwa, si kwa huzuni, bali kama mtu aliyeambiwa bei nzuri ya kitu.

Wiki chache baadaye nililala na malaria kwa Mama Eca, nikinywa uji na kusikiliza majirani wakigombana juu ya kamba ya nguo. Katika siku hizo Wilondja alirudi studio amevaa suti ya kukodi. Mama yake, kule Fizi, alikuwa akimlilia kila wiki juu ya kuoa, akisema atakufa bila kuona mkwe, na yeye alitaka angalau ampoze moyo. Aliomba aunganishwe na yule wa ukutani. Papa Hamisi alimsimamisha mbele ya maua ya karatasi, akamkunja mkono wa kulia, akamkata mwenyewe kwa vidole vyake vya mafuta, akaingiza mkono wangu ndani ya mkono wake, akaweka kivuli chini ya miguu yetu. Hakuniambia. Baadaye aliniapia kwamba alisahau tu, na nadhani ni kweli. Kwake mimi wa PNG na gari jekundu la PNG tulikuwa tumelala katika folda moja.

Walikuja Jumapili, baada ya ibada, wakati tunakula. Nakumbuka bugali ilikuwa bado inatoa moshi, pamoja na sombe ya majani ya muhogo na mukeke mmoja tuliougawana, na Mama Eca akinisimulia jinsi mhubiri alivyosinzia wakati wa kwaya. Pikipiki zilizimwa nje. Aliingia mwanamke mfupi wa makamo, amefunga kitenge kipya, nyuma yake mwanaume mzee wa kuzungumza kwa niaba yake, kijana mwenye kreti ya Fanta kichwani, na mwisho Wilondja, akivuta mbuzi kama mtu anayevutwa na mbuzi. Mama Eca alinawa mikono, akawapa viti. Hawakuketi. Yule mzee alisafisha koo na kusema: “Mama, tulikuya kuomba musamaha. Mutoto wetu alibeba kitu ya benyewe bila kupiga hodi. Sisi hatuko bantu ya hivyo. Hatukulala tangu tulijua.” Mama Eca alitabasamu, akidhani wamekosea nyumba. Ndipo yule mwanamke akatoa simu kutoka kifuani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akampa kwa mikono miwili. Mwanawe alikuwa amemtumia picha ile akimwambia huyu ni mkwe wako, naye akaionyesha kanisani kwao kwa furaha, na mama mmoja wa kwaya akaijua sura: ah, uyu si Sifa, wa kwa Mama Eca, wa Baraka?

Mama mdogo aliitazama picha, akanitazama mimi. “Sifa. We uko muke ya muntu?”

“Hapana, mama.”

“Simama.” Nilisimama. “Geuka.” Niligeuka, mbele yao wote, mikono imejaa sombe, na nikahisi macho yake yakishuka tumboni mwangu na kukaa hapo. Hakuna kilichowahi kuniuma kama kule kugeuka. Yule mwanamke wa Fizi ndiye aliyenitetea. “Usimupigie kelele, dada,” alisema. “Si kosa ya mutoto mwanamuke. Mutoto wangu njo alipaswa kuya kwenu mbele.” Alinitazama kwa upendo mkubwa kiasi kwamba nilitamani, kwa kitambo kifupi, iwe kweli. Nikasema picha si ya kweli, nimeunganishwa. Mama Eca akasema kila msichana wa Baraka aliyeharibikiwa angependa kusema hivyo. Nikasema faili lipo. Nikasema twende.

Tulikwenda kwa miguu, mbuzi tumemwacha, watu wa barabarani wakituhesabu. Papa Hamisi alikuwa mlangoni. Alipoona kitenge kipya, mzee, na Wilondja nyuma, alivua kofia yake, nami nikajua ni yeye aliyetuunganisha. Aliwasha jenereta. Tulijazana nyuma ya pazia, bega kwa bega, na yeye akasogea pembeni ili kipanya kiwe changu. Niliona hata hapo kwamba alikuwa na mafuta vidoleni.

Faili la tabaka lilifunguka taratibu. Tulitokea sote wawili, wakubwa kama kioo chenyewe, tumeshikana mikono, na yule mwanamke akavuta pumzi kwa furaha. Hakuwahi kutuona wakubwa hivyo. “Anapendeza,” alisema. Kando ya kila tabaka kuna alama ndogo ya jicho. Ukiibofya, tabaka hilo linafumba. Nilibofya jicho langu. Niliondoka. Palepale nilipokuwa nimesimama likabaki pazia tupu na kivuli changu sakafuni. Nikabofya kivuli. Nikabofya pazia na maua. Akabaki Wilondja peke yake, na suti yake, na mkono wake wa kulia umekunjwa, akishika pembeni yake kitu ambacho hakikuwepo, na nyuma yake vigae vya kijivu na vyeupe hadi mwisho.

Jenereta ilikohoa. Mama Wilondja alisogea hadi pua yake ikakaribia kioo, akagusa vigae kwa kidole kimoja.

“Hii ni nini?”

“Ni alama, mama,” nilisema. “Mashine inaonyesha kwamba hapo hakuna kitu.”

“Hakuna kitu wapi?”

“Nyuma yake. Pembeni yake.”

Alitazama ule mkono uliokunjwa. Kwa muda wote huo nilikuwa na furaha kali ya mtu anayeshinda kesi. Nilikuwa nimemwonyesha Mama Eca, nilikuwa msafi. Kisha Wilondja, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu walipofika, akasema kutoka kwenye pazia: “Mi nilimuuliza yeye mwenyewe.” Wote wakageuka. Hakuwa na hasira. “Nilimuuliza huyu dada, ule wa juu iko wapi. Alisema hayuko, ni mashine. Kama nilijua ni muntu, singebeba sura yake.” Akanitazama, na nikaona, kwa kuchelewa, kile kipimo nilichokuwa nimekikimbia: macho yake yakaenda kwenye picha ya ukutani, yakarudi kwangu, kwa sombe iliyokauka kwenye vidole. Hayakunidharau. Yalishangaa tu. “Kwani kwa nini ulisema hauko?” aliuliza.

Mama Eca alinitazama kwa namna nyingine kabisa, si tumboni tena, usoni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. “Zima basi,” Wilondja aliniomba. Nilikuwa bado nimemwacha pale, na mkono wake, mbele ya mama yake. Nilizima.

Mama Wilondja alijifunga upya kitenge chake kipya, taratibu, akiulainisha kila mkunjo. “Nitolee ile moja,” alimwambia Papa Hamisi. “Yeye peke yake. Nilikuwa sina foto ya mutoto wangu mu suti.” Papa Hamisi alimchapia bila kuomba chochote. Vigae havichapwi; karatasi ilitoka nyeupe, na Wilondja juu yake kama mtu aliyesimama ndani ya ukungu. Aliiviringisha, akatushukuru, akamshika mwanawe mkono, ule ule wa kulia, wakatoka.

Mbuzi hakurudi nao. Yule mzee alisema kitu kilicholetwa kwa msamaha hakipandi tena mlima, na Mama Eca hakuthubutu kumchinja kwa msamaha usiomhusu, kwa hiyo aliishi uani mwaka mzima uliobaki, akila masuke ya mahindi na kona ya godoro langu. Watoto wa mtaa walimpa jina. “Mukwe ameamka?” waliniuliza asubuhi nikipita na ndoo. “Mukwe anakusalimia, Sifa!” Mama mdogo aliwafukuza kwa mwiko, kisha akageuka ili nisimwone akicheka. Studio nilirudi mara moja tu. Ukutani, juu ya benchi, kulikuwa na mstatili safi mahali nilipokuwa. Papa Hamisi alinikalisha mbele ya mashine, akanakili kila faili langu kwenye flashi, lile bichi, PNG, na lile la tabaka, kisha akayafuta kwake nikiona, kwa mkono wake mwenyewe uliooshwa kwa sabuni. “Sasa uko kwako peke yako,” alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, na sijawahi kupewa iliyo bora zaidi. Wilondja sikumwona tena. Nilisikia kwamba hakuoa, lakini watu husikia mengi.

Kwa hiyo juma lililopita nililifungua lile faili la tabaka hapa Uvira, kwenye mashine yangu, mahali ninapoandikia vitabu vyangu. Alikuwa kijana kuliko nilivyomkumbuka. Mama yake alikuwa ameomba nisiweke maua, nikamwekea nyuma rangi moja tu, ya udongo wa njia ya Misisi, na nikakata picha juu ya kiwiko ili mkono usionekane. Nikaituma, nzito, kamili, kwa mchapishaji wa Baraka. Kabla ya magharibi Mama Wilondja akapiga tena. Imefika, alisema. Ni yeye, hata kovu la kidevuni lipo. Kisha akasema lile jambo lingine.

“Ile ya mulikuwa bawili. Aliichunga mu simu yake miaka yote. Simu ya kwanza iliibiwa, akaiomba kwangu, nikamurudishia. Ya pili ilianguka mu maji, akaiomba kwa dada yake. Tunataka kuichapa kidogo tu, tumuwekee mu mufuko ya shati. Lakini ni sura yako. Nilibaambia, hatuwezi kumuibia mutoto wa bantu mara mbili. Ukikataa tunaacha, hakuna ubaya.”

Ningeweza kusema ndiyo hapohapo. Nilisema: “Mama, unitumie kwanza niione.”

Iliingia. Nilijua nitakachokikuta, maana nilijua njia iliyopita: simu kwa simu, kila moja ikiikausha upya. Niliukuza uso wangu hadi ukajaa kioo. Hapakuwa na macho. Palikuwa na vigae viwili vyeusi kati ya vigae vya kahawia. Mdomo wa mtu anayependwa ulikuwa doa. Nikafikiri, kwa utulivu wa mhasibu, kwamba jeneza litakuwa wazi, kwamba nusu ya Fizi itainama juu yake, na kwamba hakuna hata mmoja atakayesema huyu ni Sifa, yule anayeandika vitabu. Ndipo nikampigia. “Ndiyo, mama. Mumuzike nayo.”

“Aksanti, mutoto wangu,” alisema. Kisha kwa upole ule ule aliokuwa nao siku ya sombe, kama anayemvutia mtoto shuka hadi mabegani: “Nilijua hautakataa ukishaiona. Imefutika sana. Hakuna atakayekujua.”

Kando ya mkono wangu, ndani ya diski isiyozidi kiganja, nilikohamishia ile flashi, nilikuwa na sura yangu nzima, kila unywele niliokuwa nimeukata mwenyewe. Mchapishaji alikuwa bado amefungua. Sikuituma. Asubuhi, saa waliyoniambia wangemteremsha kaburini, niliifungua ile PNG nikaitazama: msichana aliyebanwa mgongoni kwa vibanio, bega limeinuka, mkono wa kushoto umekunjwa ukishikana na mtu, na pale ambapo mtu huyo angesimama, vigae vya kijivu na vyeupe, mpaka mwisho wa kioo.